Jinsi ya Kutengeneza Mfereji wa Kuteremshia Kuni Kwenye Chumba cha Chini ya Ardhi

Wanaotaka kuingiza kuni kwenye chumba cha chini ya ardhi bila kuzibeba kwenye ngazi huuliza maswali yale yale: mfereji uwe na mwinamo wa kiasi gani, uwe na upana gani, na kwa nini kuni hukwama katikati ilhali njia inaonekana pana ya kutosha. Mwongozo huu unayajibu kwa vipimo, kisha unakuongoza hatua kwa hatua hadi mfereji ufanye kazi.

Mfereji unaoelezwa hapa ni wa kuondolewa. Unapachikwa dirishani siku ya kuingiza kuni, halafu unatolewa na dirisha linafungwa. Wapo wanaopendelea mfereji wa kudumu, lakini tundu la kudumu ukutani hudai mlango usiopitisha mvua, baridi, panya wala wezi, na kwa nyumba nyingi gharama hiyo inazidi faida, kwa sababu kuni huingizwa mara chache tu kwa mwaka.

## Mambo ya kuthibitisha kabla ya kuanza

Usikate ukuta wala msingi ili kupata nafasi. Ukuta wa chumba cha chini hubeba uzito wa nyumba na husukumwa na udongo wa nje, kwa hiyo tundu jipya ni kazi ya mhandisi. Tumia dirisha lililopo. Lenye uwazi wa sentimita 40 kwa 40 linatosha kwa mfereji huu, mradi bawa lake linaweza kutolewa au kufunguliwa kabisa.

Ikiwa dirisha hilo ndilo njia ya dharura ya mtu anayelala chini, tafuta jingine. Sheria za ujenzi katika nchi nyingi zinakataza kuziba njia ya namna hiyo, na hata pasipo sheria, moto hausubiri mfereji uondolewe.

Shuka ukaangalie mahali ambapo kuni zitapita na zitakapotua. Pasiwe na bomba la gesi, bomba la maji, waya wa umeme wala tangi la mafuta. Ukuni mmoja wa sentimita 40 huwa na uzito wa kilo 2 hadi 4, na ukishuka kwa kasi unaweza kupasua vali au kuvunja kiungo cha bomba.

Mwisho, kuni zenyewe ziwe kavu. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na ukiingiza shehena ya namna hiyo kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha, sehemu kubwa ya maji hayo itahamia hewani na kwenye kuta na kuleta ukungu. Zikaushe nje chini ya paa hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20, ndipo uziteremshe.

## Vipimo viwili vinavyoamua kila kitu

Watu hutumia muda mwingi kuchagua aina ya mbao na kusahau upana na mwinamo. Ubao hafifu wenye vipimo sahihi utafanya kazi kwa miaka; ubao bora wenye vipimo vibaya utakwama siku ya kwanza.

Tuanze na upana. Ukuni hukwama unapogeuka ukakingama, ncha moja ikagusa ukuta wa kushoto na nyingine ukuta wa kulia. Hilo hutokea hasa pale upana wa mfereji unapokaribiana na urefu wa ukuni. Una njia mbili za kulikwepa. Ama ufanye mfereji mwembamba, usiozidi robo tatu ya urefu wa kuni, ili ukuni ushindwe kugeuka kiasi cha kujikaza. Ama uufanye mpana, ukizidi urefu wa kuni kwa angalau sentimita 15, ili ukuni ugeuke utakavyo bila kugusa pande zote mbili. Kwa kuni za sentimita 40, maana yake ni upana wa ndani wa sentimita 30 au wa sentimita 55 na zaidi. Upana wa sentimita 38 hadi 45, ambao macho huuona kuwa ndio wa wastani, ndio mbaya kuliko wote. Mimi napendekeza mwembamba: ni mwepesi, unapita kwenye madirisha mengi, na kuni hutoka zikiwa zimelala upande mmoja.

Mwinamo unategemea msuguano. Kwa kuni zilizopasuliwa zinazoteleza juu ya bati laini, nyuzi 35 zinafaa. Kwa ubao mtupu, panda hadi nyuzi 40 au 45. Usivuke hapo, kwa kuwa ukuni hauserereki tena bali unaanguka. Nyuzi 35 ni rahisi kuzipata bila kipimapembe: kwa kila sentimita 10 za kwenda mbele, shuka sentimita 7.

Usiyategemee maneno yangu peke yake, kwani maganda ya miti hutofautiana sana. Chukua kipande cha bati au ubao utakaoutumia, weka juu yake ukuni wenye maganda makavu zaidi ulionao, kisha inua ncha moja polepole hadi ukuni uanze kuteleza wenyewe. Pima mwinamo huo na uongeze nyuzi 10. Ikiwa jibu linapishana na nyuzi 35, fuata jibu la jaribio lako.

## Vifaa na zana

Vipimo vinavyofuata ni vya kuni za sentimita 40 na mfereji wa urefu wa mita 2.44, ambao ndio urefu wa karatasi nzima ya plaiwudi. Andaa:

- karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, yenye mita 1.22 kwa 2.44;
- mbao za sentimita 4 kwa 4, jumla ya mita 9 hivi, kwa ajili ya kingo za chini na mataruma, yaani vipande vifupi vya kukingama chini ya sakafu ya mfereji;
- mbao za sentimita 5 kwa 10 kwa ajili ya miguu na kizuio cha nje;
- bati bapa lenye zinki, unene wa milimita 0.5 hadi 0.7, upana wa sentimita 46, la kutosha mfereji na trei, yaani kipande tambarare kitakacholala juu ya unene wa ukuta;
- bawaba mbili nzito za mlango, pamoja na bolti, nati na washa zake;
- skrubu za mbao za milimita 50, na skrubu fupi zenye kichwa bapa kwa ajili ya bati;
- gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji;
- mkeka mzito wa mpira na vipande vya mpira wa kuning'iniza mdomoni, yaani ncha ya chini ya mfereji zinapotokea kuni;
- rangi au vanishi ya nje.

Kwa zana utahitaji msumeno, drili, bisibisi, mkasi wa bati, tupa, msasa, jiriwa mbili, pimamaji na tepu ya kupimia. Vaa miwani ya kinga, glavu nene na viatu vigumu, wakati wa kutengeneza na wakati wa kutumia.

## Hatua za kazi

1. Pima kimo na nafasi ya chini. Amua mdomo wa mfereji utakuwa sentimita 40 juu ya sakafu. Ukiwa chini zaidi, rundo dogo tu litauziba. Toa sentimita hizo kwenye kimo cha kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Kimo kinachobaki, kizidishe kwa 1.75 upate urefu wa mfereji kwa mwinamo wa nyuzi 35, na kwa 1.43 upate umbali utakaochukua chumbani kwenda mbele. Kwa mfano, kimo cha mita 1.4 hudai mfereji wa mita 2.44 na nafasi ya mita 2 kutoka ukutani, pamoja na mita 1.5 nyingine mbele ya mdomo kwa ajili ya kuni kutua. Kama chumba hakina nafasi hiyo, ni afadhali kuinua mdomo na kufupisha mfereji kuliko kuongeza mwinamo.

2. Pima unene wa ukuta. Hatua hii hurukwa na wengi, na matokeo yake ni mfereji usiopita dirishani. Ukuta wenye unene wa sentimita 30 humaanisha kwamba mfereji wa nyuzi 35 ungepanda sentimita 21 kati ya ukingo wa ndani na wa nje wa dirisha, na pande zake zingegonga fremu ya juu. Ndiyo sababu mfereji huu una vipande viwili: trei tambarare inayolala juu ya unene wa ukuta, na mfereji wenyewe unaoanzia ukingo wa ndani. Trei ina faida nyingine iliyo kubwa zaidi, kwamba kuni husukumwa badala ya kurushwa, hivyo zinaanza safari zikiwa hazina kasi.

3. Kata plaiwudi. Chora karatasi kwa urefu wake katika vipande vitatu vya sentimita 30: sakafu moja na pande mbili. Kitabaki kipande cha sentimita 31 hivi. Hicho ndicho cha trei: kikate sakafu yenye urefu wa unene wa ukuta ukiongeza sentimita 30 za kutokeza nje, pamoja na pande zake mbili za urefu huo huo. Ukuta ukiwa mnene kuliko sentimita 50, hakitatosha na utahitaji plaiwudi ya ziada. Lainisha kingo zote kwa msasa.

4. Unga sakafu na pande. Gundisha mbao za sentimita 4 kwa 4 chini ya sakafu ya mfereji, sambamba na kingo zake mbili, ukiziacha zikome sentimita 8 kabla ya ncha ya juu ili bawaba zipate nafasi. Katikati yake weka mataruma kila baada ya sentimita 60. Kisha bana pande kwa jiriwa, ncha zake za chini zikiwa sawa na chini ya mbao za kingo, na uzifunge kwa gundi na skrubu kutoka nje kila baada ya sentimita 20. Toboa kwanza kwa keekee nyembamba, kwa sababu skrubu inayolazimishwa hupasua mbao. Ukimaliza, juu ya sakafu zitabaki sentimita 24 za pande, ambazo zinatosha kuzuia ukuni usiruke nje. Fanya vivyo hivyo kwa trei.

5. Tandika bati. Lipinde bati sentimita 8 kila upande, ili sentimita 30 zilale sakafuni na masikio mawili yapande kwenye kuta za mfereji. Funga skrubu kwenye masikio hayo tu. Usiweke skrubu hata moja sakafuni, maana kichwa chake kitazikwaza kuni na hatimaye kitang'oka. Pale vipande viwili vya bati vinapokutana, cha juu kilale juu ya cha chini kama vigae vya paa, ili ukuni usikute ncha inayouelekea. Kingo zilizokatwa zipige tupa; bati jipya hukata glavu na vidole.

6. Unganisha trei na mfereji. Kwanza kata kona za chini za pande pale trei na mfereji vinapokutana, ili zisigongane mfereji unapoinama. Kisha funga bawaba mbili chini ya sakafu, kati ya mbao za kingo, kwa bolti na nati badala ya skrubu, kwa sababu hapo ndipo mfereji unapovutwa kila ukuni unapopita. Mfereji ukiinama, litatokea pengo dogo juu ya sakafu na pengo la pembetatu kwenye pande. Lile la sakafu lifunikwe na bati la trei litakalotokeza sentimita 6 kuelekea mfereji. Yale ya pande yafunike kwa vipande vya bati vilivyofungwa ndani ya trei peke yake, vikifikia ndani ya mfereji bila kufungwa huko.

7. Weka kizuio cha nje. Hii ndiyo sehemu inayobeba usalama wote. Ubao wa sentimita 5 kwa 10, mrefu kuliko upana wa dirisha, ufungwe kwa bolti chini ya trei, mahali utakapoegemea uso wa nje wa ukuta. Bila kizuio hiki, kila ukuni utausogeza mfereji chumbani kidogo kidogo hadi trei itoke dirishani. Weka kipande cha mpira kati ya ubao na ukuta.

8. Tengeneza miguu. Jozi moja ikae sentimita 30 kutoka mdomoni. Ya pili iwe katikati ikiwa mfereji unazidi mita 2. Iunganishe miguu ya kila jozi kwa ubao wa mshazari, na uivishe mpira chini ili isiteleze kwenye saruji.

9. Andaa mahali pa kutua. Tandika mkeka wa mpira kuanzia chini ya mdomo, kwani saruji huvunjika vipande ikipigwa na ncha za kuni mahali pamoja. Umbali wa mita 1.5 mbele, simamisha ukuta mfupi wa mbao ulioegemezwa kwa nguvu. Kwenye mdomo wenyewe ning'iniza vipande vya mpira vya upana wa sentimita 5, vikikaribia kugusa sakafu ya mfereji. Hupunguza kasi bila kuzuia njia, na ni vitu rahisi vinavyosaidia kuliko vinavyoonekana.

10. Paka rangi, kisha jaribu. Paka mbao zote upande wa nje. Rangi ikikauka, pachika mfereji, thibitisha kwa pimamaji kwamba haujalalia upande, halafu teremsha kuni tatu moja baada ya nyingine: iliyo ndogo kabisa, iliyo nene kabisa, na iliyopinda kuliko zote. Zikipita hizo, zilizobaki zitapita.

## Siku ya kuingiza kuni

Kazi hii ni ya watu wawili wanaosikilizana. Wa juu hasukumi ukuni mpaka wa chini atamke kwamba yuko pembeni, na wa chini hapiti mbele ya mdomo mpaka wa juu ajibu kwamba amesimama. Msikubaliane kwa kuhesabu dakika. Kubalianeni kwa sauti. Watoto wasiwe chumbani, na mlango wa kuingilia huko ufungwe.

Sukuma ukuni mmoja mmoja, ukiulaza kwa urefu wake. Rundo likifikia nusu ya kimo cha mdomo, simamisheni na mzipange. Zipangeni juu ya mbao za kuinua kutoka sakafuni, mkiacha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati yake na ukuta ili hewa ipite, na mziweke mbali na jiko la kupashia joto kwa umbali uliotajwa katika maelekezo ya jiko hilo, usipungue mita 1.

Onyo moja kuhusu mabaki: vipande vya plaiwudi, na mbao zilizotiwa dawa au kupakwa rangi, visichomwe kwenye jiko pamoja na kuni. Moshi na majivu yake vinaweza kuwa na sumu.

## Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Kuni zinasimama katikati ya njia. Angalia kwanza kama bati ni safi. Unga wa maganda na utomvu hulifanya likwaruze. Lifute kwa kitambaa kikavu na ulisugue kwa mshumaa. Usitumie mafuta, kwa kuwa yatalowanisha kuni, yatadondoka sakafuni, na ni chakula cha moto. Zikiendelea kusimama, punguza miguu ili kuongeza mwinamo kwa nyuzi 3 hadi 5.

Kuni zinakingama na kukwama. Pima kuni zako upya. Mara nyingi shehena huwa na kuni fupi zilizochanganyika, na ukuni wa sentimita 30 ndani ya mfereji wa sentimita 30 una urefu ule ule unaojikaza. Chagua fupi na uziteremshe kwa ndoo au uzibebe. Ukuni uliokwama usukumwe kwa mti mrefu kutoka juu. Kamwe usiingize mkono kutoka chini, hata kama wa juu ameahidi kutosukuma, kwa sababu ukuni uliokwama unaweza kuwa unashikilia wengine wawili juu yake.

Kuni zinatoka kwa kasi na kuruka mbali. Ongeza safu ya pili ya vipande vya mpira nusu mita juu ya mdomo. Hilo lisipotosha, inua mdomo ili mwinamo upungue, maana mfereji wako ni mkali kuliko kuni zako zinavyohitaji.

Mfereji unatetemeka au kusogea. Kaza nati za kizuio na za bawaba, kisha angalia miguu. Sakafu za vyumba vya chini mara nyingi zimeinamishwa kuelekea tundu la maji, kwa hiyo mguu mmoja huenda haugusi chini. Weka kabari ya mbao na uifunge kwa skrubu.

Chumba kinanuka unyevu baada ya kuni kuingizwa. Mfereji hauna kosa. Pasua ukuni mmoja na upime unyevu wa uso uliopasuliwa, kwa sababu ngozi ya nje hukauka upesi na kudanganya. Ukizidi asilimia 20, toeni nje zile mbichi, fungueni madirisha, na sogezeni mirundo mbali na kuta hadi harufu iishe.